Linafanyiwa Kazi

9 Februari

Mpwa wangu,

Wengi wakishindwa na kikao humlaumu yule anayesema sana. Hilo ni kosa, na wewe umelifanya kwenye barua yako, ukurasa wa mwisho kabisa. Nitalirudia nikimaliza salamu, maana mama yako amekuja kunitembelea kutoka kwake, amekaa hapa kando na hataniruhusu nianze na la pili kabla ya la kwanza.

Sisi hatujambo. Magoti ya mama yako yanamsumbua akipanda ngazi, akishuka yanapona. Daktari mwenyewe hana maelezo. Mimi masikio ndiyo hayo. Simu kwangu imekuwa mzinga wa nyuki, kwa hiyo endelea kuandika. Mama yako anauliza habari za mdogo wako. Alituaga mwezi wa kumi na moja akasema amepata kazi ya mashine huko huko mjini kwako, na tangu siku hiyo kimya. Mnaonana? Anakula vizuri? Mwambie aandike japo mistari miwili.

Sasa kikao chako. Unasema tangu upewe ukuu wa kitengo cha kufulia hapo hospitalini, kila Jumatatu unaingia kikaoni mzima na kutoka unashika kichwa. Mashine kubwa ya kukausha imekufa. Mashuka yanafika chumba cha upasuaji yakiwa na unyevunyevu, na mgonjwa aliyefunga kula tangu jana anarudishwa wodini bila kuguswa. Uongozi umekupa hadi mwisho wa Juni: mashine isipofanya kazi, kitengo kinafungwa, kazi anapewa mkandarasi wa nje, na watu wako wote wanakwenda nyumbani. Baada ya kunieleza yote hayo ukamalizia kwa kusema tatizo ni kwamba watu wako "wana mdomo".

Mpwa wangu, nimekaa vikaoni miaka mingi nikiandika kumbukumbu za baraza la mji. Nimewasikia madiwani waliosema mpaka kipaza sauti kikapata moto, na kikao kikazaa matunda. Nimewaona wengine wapole, wanatikisa vichwa kwa adabu, na mfereji ukaendelea kufurika chini ya madirisha yetu. Wingi wa maneno haujawahi kuniambia kitu. Mimi hutazama ajenda. Nina hakika yako imeandikwa "Mashine ya kukausha", basi. Hicho ni kichwa cha habari, na kichwa cha habari kinaweza kuzungumzwa hadi jua lizame. Andika swali: "Nani ataitengeneza mashine, na itawaka lini?" Swali lina aibu yake, lisipojibiwa linabaki limesimama mezani, kila mtu analiona.

Jaribu, kisha unieleze.

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mwambie mama apake dawa ya magoti asubuhi, asingoje yaume. Mimi nipo, ninapumua. Mwenye nyumba amepaka ukuta rangi ya kijani ambayo sijaiomba. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Niliandika swali lako kwenye ajenda kwa herufi kubwa. Sasa kaa chini nikusimulie.

Kikao chetu tunafanyia chumba cha kukunjia, kwenye meza ndefu ya mashuka, kwa sababu chumba kingine hakuna. Mezani yupo Mama Sabuni, msimamizi wa wafuaji. Ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara na huitumia kwa jirani yake. Yupo mhasibu, tunamwita Bwana Ngoja, kwa sababu neno lake la kwanza ni hilo na la mwisho ni hilo. Yupo muuguzi wa chumba cha upasuaji, anayeweka saa yake mezani na kuitazama kama mtu anayepima mapigo ya mgonjwa mahututi. Na yupo fundi.

Tukaanza na kumbukumbu za kikao kilichopita. Mama Sabuni akasema haikuandikwa kwamba alikohoa. Naapa, Mjomba! Alikohoa kuonyesha kwamba haafiki, na karani hakuandika. Tukaingia kwenye yatokanayo. Muuguzi akauliza, "Mashuka makavu lini?" Mama Sabuni akamjibu, "Mwanangu, mimi nafua. Kukausha kaliulize jua." Bwana Ngoja akasema, "Ngoja, ngoja, tusiende haraka." Haraka gani? Tulikuwa hatujasogea hatua moja!

Tukafika kwenye swali lako. Nikalisoma. Fundi akasema, "Linafanyiwa kazi." Wote wakatikisa vichwa, muuguzi akashusha pumzi, tukaendelea.

Halafu kuna jambo la chai. Chai ya kikao huletwa saa nne. Nimegundua kwamba kabla ya saa nne hakuna mtu anayekubali jambo lolote liamuliwe, maana wanaogopa kikao kikiisha mapema chai itarudishwa jikoni. Mtu anapinga rangi ya ndoo mradi birika lifike. Likishafika, wanakubali kila kitu, hata yanayopingana.

Nimechoka, Mjomba. Wakati huo mashuka tunayaanika kwenye korido, na wagonjwa wanapita wameinama kama wanaingia hemani.

Msalimie mama sana.

Mpwa wako


14 Machi

Mpwa wangu,

Tumecheka hapa, mama yako na mimi, kuhusu kikohozi. Kisha mama yako akaacha kucheka akauliza, "Kuhusu mdogo wake je, amesemaje?" Nikaisoma barua upya, mbele na nyuma. Hukusema kitu. Nikamwambia labda umesahau. Akaniangalia kwa namna ile ya kwake.

La chai ni rahisi. Wapelekee chai mwanzo, waketi wakiwa wameshiba. Mtu asiyengoja kitu husema upesi. La kumbukumbu, zisomwe na kila mmoja kabla ya kuja. Anayetaka kikohozi chake kiingie amwandikie karani.

La tatu ndilo lenye uzito. "Linafanyiwa kazi" ni maneno niliyoyaandika mara nyingi mpaka mkono wangu uliyajua kuliko jina langu. Niliyaandika kuhusu madaraja, taa za barabarani, na choo cha soko. Maneno hayo yanampa kila mtu ruhusa ya kwenda nyumbani. Ukiyasikia tena, usipite. Uliza kwa upole kabisa: linafanyiwa kazi na nani, wapi, na kimebaki nini? Ukimaliza kuuliza, nyamaza. Wenyeviti wengi huuliza swali zuri kisha hulijibu wenyewe kwa sababu hawaustahimili ukimya. Wewe ustahimili. Hesabu mashuka rafuni ukitaka, lakini usifungue mdomo.

Na unijibu habari za mdogo wako.

Mjomba wako


20 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Chai tuliileta mwanzo. Wakanywa, wakashukuru, na Bwana Ngoja akaondoka nayo kikombeni hadi ofisini kwake, hakurudi.

Fundi nilimuuliza lini. Akasema, "Hivi karibuni." Nikanyamaza ulivyoniagiza. Wote wakanyamaza. Wakawa wananitazama mimi, wala si yeye. Nikasema haya, tuendelee.

Tafadhali usinitumie ushauri mwingine. Una ushauri mzuri lakini hapa haufai.

Salamu kwa mama.

Mpwa wako


29 Aprili

Mpwa wangu,

Nimeipata barua yako, fupi kama risiti. Umekasirika, na mtu aliyekasirika anastahili kuachwa apoe. Ningekuacha kama isingekuwa mwezi wa Juni, unaokuja bila kumuuliza mtu.

Tangu Februari nimekuwa nikikueleza namna ya kuendesha kikao, na ninakiri uvumilivu wangu umeanza kuchanika pembeni. Hunijibu ninachokuuliza. Jana nikazitandaza barua zako zote mezani nikazisoma kama nilivyokuwa nikisoma kumbukumbu zenye walakini.

Kila mtu wa kikao chako umemchora na kumcheka. Mama Sabuni namsikia mpaka huku. Bwana Ngoja namwona na kikombe chake. Hata karani ana kikohozi cha kuandika. Fundi peke yake hana jina la utani, hana sura, hana umri, hana kosa. Umempita kwa kunyata, kama mtu anayepita kando ya kitanda cha mtoto aliyelala. Na katika barua hizo hizo nimekuuliza habari za mtu mmoja, aliyepata kazi ya mashine mjini kwako, nawe umempita kwa kunyata vile vile.

Kwa hiyo nakuuliza moja kwa moja. Fundi ni mdogo wako?

Ikiwa ndiye, basi tupa ushauri wangu wa chai na ajenda, ulikuwa na haki kusema haufai. Kikao chako hakina ugonjwa. Watu wako wote wanajua kilichoiua mashine na wanajua nani hawezi kuifufua, lakini hakuna atakayemsema kijana mbele ya dada yake aliye mkuu wao. Ndiyo maana walikutazama wewe. Vikohozi, rangi za ndoo, na ngoja ngoja ni heshima wanayokupa, na heshima hiyo itawafukuza kazi wote.

Lakini usiende ukamwaibisha Jumatatu. Neno la namna hii mtu hapaswi kulisikia kwa mara ya kwanza mezani, macho ya wenzake yakiwa juu yake. Mfuate kwanza alipo, muwe wawili tu. Mkutane na ukweli huko, kisha mwende nao kikaoni pamoja.

Mama yako hajui ninachokuandikia. Nimemwambia naulizia bei ya viatu.

Mjomba wako


18 Mei

Mjomba, shikamoo.

Ndiye.

Alikuja kwangu mwezi wa kumi na moja na begi moja, kazi aliyowaaga nayo akiwa bado hajaipata, akakaa sebuleni wiki nzima akitazama tangazo moja la kazi kwenye simu. Mimi ndiye niliyewaambia anajua mashine kubwa. Anajua majokofu, Mjomba. Nikajiambia mashine ni mashine, atajifunza. Mashine ilipokufa mwezi wa kwanza, akaifungua, akaifunga, na skrubu zikambaki mkononi. Kila nikitaka kumuuliza namwona mama akimfungia chakula cha safari. Nilikuwa nikiitisha kikao ili kikao kimuulize badala yangu. Nacho kikawa kinaningoja mimi.

Barua yako niliichukia siku tatu. Siku ya nne nikaenda chumba cha mashine. Alikuwa amekaa juu ya ndoo.

Nikamwambia, "Mashine hii unaiweza?"

"Dada, linafanyiwa—"

"Hapa hakuna karani. Unaiweza?"

Akapangusa mikono kwenye suruali muda mrefu, na wala haikuwa michafu. "Siiwezi. Lidude hili linanguruma tu, halafu linanyamaza. Nalala nalo kichwani, naamka nalo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wewe uliyeniombea? Wakikucheka je?"

Nikamwambia Jumatatu nitalisema. Akasema, "Usiliseme wewe. Ukilisema wewe, mimi ni mdogo wa bosi niliyefukuzwa. Niache niliseme mwenyewe." Sikuwa nimetegemea jibu hilo, na nusura nimkatalie kwa kumhurumia.

Jumatatu nikasoma swali. Akasimama, jambo ambalo kwetu hakuna anayelifanya, akasema, "Mimi ni fundi wa majokofu. Mashine hii siiwezi. Nawaomba radhi, hasa nyinyi mnaoanika kwenye korido."

Hapo Mama Sabuni, kwa sauti yake yote: "Mwanangu, hilo tulilijua tangu siku ile ulipoigonga mashine kwa bisibisi ukaiambia samahani!" Watu wakacheka, na yeye akacheka, na mimi nikajikuta naangalia meza.

Muuguzi akauliza aitwe fundi gani. Mama Sabuni akasema hospitali ya upande wa pili wana mashine kama hii na fundi wao hutoka kiwandani kwenyewe. Nikamgeukia Bwana Ngoja, nikiwa nimeshajiandaa kwa ngoja yake. Akasema, "Fungu la fundi wa nje lipo. Lipo tangu mwaka uanze."

"Lipo?" nikapiga kelele, Mjomba, nilipiga kelele. "Na kwa nini hukusema?"

"Hamkuliomba. Mlisema linafanyiwa kazi."

Nilitamani kumrushia foronya. Tukaandika mezani pale pale: Bwana Ngoja atoe fungu leo, Mama Sabuni apige simu leo, fundi wa kiwandani aje Alhamisi. Muuguzi akavaa saa yake. Tulikuwa tumemaliza, tukakaa tukitazamana, maana hakuna aliyejua kikao kinaishaje.

Mdogo wangu aliacha kazi siku hiyo hiyo. Sikumfukuza. Yuko sebuleni kwangu, anakunja blanketi asubuhi kana kwamba hajalala hapo. Anataka kurudi nyumbani lakini hathubutu. Anadhani mama atamwonea haya mbele za watu.

Mpwa wako


27 Mei

Mpwa wangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili kwa furaha zaidi. Hicho ndicho kikao: swali moja, aliyekuwa na jibu akalitoa, na kila mtu akainuka akijua kazi yake ya siku hiyo. Mengine yote niliyowahi kukufundisha ni mapambo. Na kijana kusimama mwenyewe ni jambo lililowashinda wazee wa baraza wakiwa na mvi.

Kuhusu kurudi kwake, niachie mimi. Jambo hili linahitaji utaratibu. Nitawaita wajomba wengine wawili, baba yenu mdogo, na binamu yako mkubwa ambaye ana busara akitaka. Tutakaa hapa kwangu Jumapili ya katikati ya Juni. Nimeshaandaa mtiririko: kwanza nitaeleza kilichotokea, kisha kila mmoja atatoa maoni kuhusu kijana afanye nini, kisha tutamwita mama yako tumweleze uamuzi kwa upole. Mpaka hapo sijamwambia kitu, ili asipate wasiwasi bure.

Mwambie kijana avute subira.

Mjomba wako


6 Juni

Mjomba, shikamoo.

Kwanza habari njema, usije ukasema sina adabu. Mashine inakausha. Fundi wa kiwandani alifanya kazi siku moja, akabadilisha mkanda na kitu fulani kidogo kama kifuniko cha chupa. Mashuka yanafika chumba cha upasuaji yakiwa na joto, na muuguzi alikuja mwenyewe kuyashika. Barua ya uongozi imetoka: kitengo kinabaki, na watu wote wanabaki. Mama Sabuni aliisoma kwa sauti, kwa hiyo wodi zote zinajua.

Sasa, Mjomba, kwa heshima zote nilizo nazo kwako. Hapana.

Kikao cha watu watano kuhusu mtoto wa mama, na mama anangoja nje ya mlango kama mtu aliyeleta barua ya maombi? Ataitwa mwisho, ataingia na magoti yake, atawakuta mmejaza viti vyote, halafu ataambiwa kwa upole? Ni wewe uliyeniandikia kwamba neno la namna hii mtu halisikii kwa mara ya kwanza mezani. Nililifuata hilo neno hadi chumba cha mashine. Nawe umelipanga kuwa kipengele cha tatu!

Na wajomba wataamua nini? Binamu atasema ajifunze udereva. Baba mdogo atasema vijana wa siku hizi. Mtu atapinga kitu mradi aonekane amekuja. Mdogo wangu hahitaji maoni ya mtu. Anahitaji kujua jambo moja tu: akifika mlangoni na begi lake, mama atafungua kwa sura gani? Ni mama peke yake anayejua jibu, na mama ndiye pekee ambaye hajaulizwa. Tangu Februari anakuuliza habari za mwanawe, nawe unamjibu bei ya viatu.

Najua kwa nini umewaita wote hao. Unaogopa kumwambia dada yako peke yako. Mimi nakuelewa kuliko unavyodhani, na ndiyo maana sikuonei huruma.

Kijana yuko tayari. Begi liko mlangoni, tunangoja neno moja tu kutoka huko.

Waambie wajomba Jumapili wapumzike. Ukimaliza mstari huu, vaa viatu, nenda kwa mama leo hii, ukae naye mkiwa wawili, umwambie mwanawe ameacha kazi na anataka kurudi nyumbani.

Mpwa wako